Mshipi Mwekundu wa Rosalba

Kila Jumatano kengele ya mwisho ilipolia, watoto wengi wa shule moja ya pale Alby, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, walikimbilia nyumbani, lakini Darlène na Japhet walipanda ngazi hadi chumba cha juu kabisa kusoma Kiswahili. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na radieta yake ya kupasha joto ilikoroma kuliko babu mwenye mafua. Mwezi wa Novemba jua la Stockholm huaga mapema kama mgeni asiyependa chakula cha nyumba ile. Saa tisa na nusu alasiri taa za maghorofa zilikuwa zimeshawaka, na baridi ya nje iliweza kugandisha salamu mdomoni, ikabidi uibebe mfukoni ukaiyeyushe jikoni kwenu. Anayebisha aende Alby mwezi huo akamwamkie mtu, kisha arudi tuzungumze.

Darlène alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa Warundi waliokulia Kigoma, na nyumbani walisema Kiswahili. Mama yake, Libérate, alimwuliza mambo kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswidi, na maisha yakaendelea. Taabu ilikuwa Jumapili. Siku hiyo bibi yake alipiga simu kutoka Kigoma, na bibi hakujua Kiswidi hata cha kuombea maji. Zamani mazungumzo yao yalikuwa "shikamoo bibi", halafu "nzuri", halafu "haya", kisha wote wawili wakabaki kusikiliza simu ikinguruma. Tangu Darlène aanze darasa la Jumatano, waliweza kutaniana, kuhadithiana, hata kuwasema majirani kidogo. Bibi alikuwa amepata mjukuu, na mjukuu alikuwa amepata bibi.

Japhet, ambaye baba yake alikuwa fundi umeme kutoka Tanzania, hakuwa na shida ya maneno. Shida yake ilikuwa chumvi. Kila habari iliyopita mdomoni mwake ilitoka imekolea kama samaki wa ng'onda. Alishawahi kusimulia kwamba huko Singida mjomba wake ana jogoo anayewika kwa zamu, asubuhi kwa ajili ya wenye nyumba na mchana kwa ajili ya wapangaji.

Jumatano moja Mwalimu Veneranda aliingia darasani bila tabasamu lake la kawaida. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mwenye miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua. Aliwaeleza kwamba Bertrand amehamia Malmö pamoja na wazazi wake. Sasa wamebaki wanne, yaani Darlène, Japhet, na mapacha wawili wadogo ambao kwa kweli walifuata maandazi ya Mama Darlène. Manispaa hufungua darasa la lugha ya nyumbani wakipatikana watoto watano. Wakipungua, darasa hufungwa. Mama mmoja wa ofisi ya lugha, aitwaye Birgitta, angekuja baada ya wiki mbili kuwaona watoto na kuamua.

"Na yule Mélissa wa Fittja?" aliuliza Mwalimu. "Alikuja siku moja tu. Ana nini?"

Darlène na Japhet walitazamana. Darlène alijibu kwamba Mélissa alisema Kifaransa kinamtosha. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani, kama chai ilivyo maji kwa kiasi fulani.

Njiani kurudi nyumbani Japhet alikuja na wazo. Mtu wa tano walikuwa naye tayari, akasema. Rosalba.

Rosalba alikaa dawati moja na Darlène, na familia zao ziliishi jengo moja. Alizaliwa katika kijiji cha nyanda za juu za Meksiko, karibu na mji wa San Felipe del Progreso, akalelewa na bibi yake. Mwaka uliotangulia mama yake, aliyeolewa na dereva wa basi Mswidi, alimleta Alby. Watu wa kwao huitwa Wamazahua. Shule ilimpeleka kwenye darasa la Kihispania, lakini alikwenda mara chache akaacha. Kule watoto wengine waliigiza matamshi yake na kumwuliza kama ametoka shambani na mbuzi. Kwa hiyo Jumatano hakuwa na pa kwenda.

"Ana rangi ya shangazi yangu kabisa," alisema Japhet. "Na huyo Birgitta hajui Kiswahili. Ukimsomea majina ya samaki atapiga makofi."

Darlène alisita. Kisha akafikiria Jumapili, na simu inayonguruma, na "nzuri", na "haya". Akakubali.

Rosalba naye alikubali upesi kuliko walivyotarajia, kwa sababu alitaka kuwa mahali ambapo marafiki zake wapo. Mama yake, ambaye Kiswidi chake kilikuwa bado kinachechemea, walimwambia kwamba ni darasa la kazi za mikono, akatia sahihi kwa furaha. Mwalimu Veneranda walimwambia kwamba babu yake Rosalba alikuwa baharia wa Tanga. Japhet alitaka kuongeza kwamba baharia huyo alifika Meksiko amepanda pipa, Darlène akamkanyaga mguu. Mwalimu aliwaangalia kwa juu ya miwani, akasema mtoto yeyote anayetaka kujifunza asifukuzwe mlangoni, na mambo ya karatasi wazazi wake watajuana na ofisi. Rosalba akaketi. Kwa wiki mbili alijifunza "shikamoo", "asante" na "jina langu ni Rosalba", na mapacha wakamfundisha "nipe andazi".

Siku ya Birgitta ilifika. Watoto waliambiwa waje na kitu cha nyumbani na wakielezee katika lugha ya nyumbani. Birgitta alitaka kuwasikiliza peke yao, ili wasiwe wanamtazama mwalimu usoni, hivyo Mwalimu Veneranda alisimama nje kwenye korido kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Japhet alionyesha mwiko. Darlène alionyesha kitenge cha bibi. Mapacha walionyesha sahani ambayo walikuwa wameshaimaliza. Ilipofika zamu ya Rosalba, Darlène alimpa ishara ya kuanza maneno waliyokariri: jina langu ni Rosalba, ninapenda ugali. Rosalba alisimama. Mkononi alikuwa na mshipi mrefu wa sufu nyekundu, uliofumwa kwa ndege, nyota na kulungu wadogo. Alisema jina langu ni Rosalba, kisha ugali ukampotea.

Aliutazama mshipi. Halafu akaanza kusema kwa lugha ya bibi yake. Alisema taratibu, baadaye kwa kasi, akigusa ndege mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Mahali fulani sauti yake ilishuka hadi ikawa ndogo sana. Darlène hakuelewa neno hata moja, lakini alijua si ugali unaosimuliwa.

Alipomaliza, Birgitta alipiga makofi. Alisema kwamba hajawahi kusikia Kiswahili kizuri namna ile, na kwamba huyu ndiye mtoto anayekijua kuliko wote. Japhet alibana kicheko hadi mashavu yakavimba. Birgitta akatoka, akampa mkono Mwalimu, akamwambia kwamba darasa lake litaendelea.

Darlène aligeuka ili ampongeze Rosalba. Rosalba alikuwa anaukunja mshipi. Aliutia ndani ya koti, akapita kati ya madawati bila kumtazama mtu, akashuka ngazi.

"Ana nini?" aliuliza Japhet. "Tumeshinda."

Darlène alichukua koti lake akamfuata, lakini alipofika uwanjani Rosalba hakuonekana. Akaenda moja kwa moja hadi kwao na kubonyeza kengele.

Mama Rosalba ndiye aliyefungua. Alikuwa mfupi, mwenye nywele ndefu za kusuka na aproni iliyodariziwa maua. Alisema Rosalba yuko chumbani, hataki kula, labda amechoka. Alimkaribisha Darlène jikoni, akammiminia kikombe cha uji wa mahindi wenye mdalasini. Darlène alishangaa kuona uji Alby, tena mtamu hivyo.

"Walisemaje walipouona mshipi?" aliuliza Mama Rosalba, na uso wake ukang'aa. "Nilimwambia aupeleke. Nilisema, darasa la kazi za mikono, lazima wauone mkono wa mama yangu."

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Darlène angeweza kusema kwamba waliusifu, akamaliza uji, akaenda zake, na Jumapili simu ingelia kama kawaida. Alikitazama kile kikombe. Kisha akasema yote: mtoto wa tano, baharia wa Tanga, sahihi, makofi. Alisema kwa Kiswidi, polepole, ili asirudie mara mbili, kwa maana hakudhani angeweza.

Mama Rosalba hakupandisha sauti. Alimwita binti yake kwa lugha yao, na Rosalba akaja akasimama mlangoni na macho yaliyovimba. Mama alimwuliza alichokisema darasani. Rosalba alisema tena, kwa kifupi, na mama akamfasiria Darlène neno kwa neno, kwa Kiswidi chake cha kuchechemea.

Rosalba alikuwa amesema hivi: mshipi huu aliufuma bibi yangu. Alifariki Agosti nami sikumzika. Kwetu mwezi wa Novemba vipepeo wa rangi ya chungwa huja kwa maelfu kwenye misitu ya milimani, na wazee husema ni wafu wetu wanaorudi kututembelea. Bibi atakuja mwaka huu. Atanikuta sipo. Sijui kama vipepeo wanaijua njia ya Alby.

Rosalba alifuta macho.

"Sijamwambia mtu mwingine," alisema Rosalba. "Nikamaliza, yule mama akapiga makofi, akasema Kiswahili ni kizuri."

Darlène alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo kuliko kazi iliyokuwa mbele yake. Mama Rosalba alivuta kiti akaketi. Alieleza kwamba hata hilo jina Mazahua si wao waliojipa. Walipewa na majirani zao Wanahua, nalo ndilo lililoandikwa kila mahali. Wenyewe lugha yao huiita Jñatjo. Siku za soko pale kwao huja pia Waotomi kutoka upande mwingine wa milima, ambao lugha yao ni ndugu na ya Wamazahua. Ukiwasikia kwa mbali utadhani ni watu wa nyumba moja. Ukikaribia huambulii hata nusu. Kila mmoja anauza nyanya zake, ana jina lake, na hakuna anayeomba la mwenzake.

"Nilipokuwa kama wewe nilikwenda mji mkuu kuuza matunda," alisema. "Hakuna askari aliyenikataza kusema lugha yangu. Nilikatazwa na kicheko. Kila nilipofungua mdomo mtu alicheka. Basi nikaufunga, kwa miaka mingi."

Darlène aliposikia neno kicheko, alikiweka kikombe chini. Alimkumbuka Mélissa.

Mélissa alizaliwa Bukavu, Kongo. Siku ile moja aliyokuja darasani alisema, "Mi niko nasikia baridi mingi," na Japhet akasema kwamba anaongea kama redio iliyoanguka majini. Darlène ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mwalimu alikuwa ametoka kuchukua chaki. Mélissa alikusanya vitu vyake, akasema Kifaransa kinamtosha, hakurudi tena. Mtoto wa tano alikuwapo siku zote, kituo kimoja tu kutoka Alby. Walimfukuza kwa kicheko, kisha wakamtengeneza wa bandia.

Jioni ile Darlène alimweleza mama yake. Libérate alisikiliza huku akikata vitunguu. Darlène aliomba mama ampigie Mwalimu kwa niaba yake. Mama akafuta mikono, akabonyeza namba, akamkabidhi simu. "Mdomo uliofunga fundo ndio utakaolifungua," alisema. "Mimi nipo hapa."

Mwalimu Veneranda alimsikiliza hadi mwisho. Alisema hata yeye alisikia jambo lisilokaa sawa katika ile habari ya baharia, akajiambia ni kazi ya ofisi, na hilo atalisema mwenyewe kwa Birgitta. Ila Darlène na Japhet nao waje waseme lao.

Japhet alipoambiwa alikuja juu. Alidai kwamba wamekwisha, kwamba darasa litafungwa, kwamba Darlène ameuza timu nzima. Darlène alimsimulia kuhusu bibi na vipepeo. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Japhet alikosa cha kuongeza. Mwishoni aliuliza treni ya Fittja inapita saa ngapi.

Walimkuta Mélissa nje ya maduka ya Fittja, amebeba mfuko wa mikate. Aliwasikiliza huku mfuko ukiwa kifuani kama ngao.

"Njo munakuja sasa, kwa sababu muko na shida," alisema. "Ile siku mulinicheka, hamukuwa na shida."

"Ndiyo," alisema Darlène. "Tulikosea siku ile, kabla hata ya shida. Hata usipokuja, nimekuja kukuambia hilo."

"Na mimi ndiye niliyesema redio," alisema Japhet, akitazama viatu vyake. "Redio ni mimi."

Mélissa hakucheka. Alisema baba yake ndiye anayeamua, na yeye mwenyewe atafikiri. Akaondoka na mikate yake.

Jumatano iliyofuata Birgitta alikuja tena. Mwalimu alisema lake kwanza, halafu Darlène akasimama na kusema lao, bila kumsukumia Japhet. Birgitta alivua miwani. Alisema amesikitika, kwa sababu aliwaamini, na kwamba jina la Rosalba litaondolewa pale pale. Darlène alihesabu vichwa ingawa aliujua mwisho wake. Wanne. Alijiona Jumapili, na simu sikioni, na "haya".

Mlango ukagongwa. Mélissa aliingia, amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na baba yake nyuma yake. Birgitta, ambaye sasa hakutaka kupiga makofi ovyo, alimpigia simu mkalimani wa ofisi, Mkenya mmoja aitwaye Muriuki, akaweka sauti juu na kumwomba Mélissa azungumze. Mélissa aliwatazama Darlène na Japhet mmoja mmoja. Kisha akaeleza jinsi mama yake anavyopikaka samaki za ziwa na namna nyumba inanukiaka mpaka jirani anagonga. Alisema kama wanavyosema Bukavu, bila kubadili kitu.

"Nimemwelewa kila neno," alisema Muriuki kwa Kiswidi. "Ni Kiswahili cha Bukavu. Na sasa nina njaa."

Hivyo ndivyo darasa lilivyobaki wazi. Birgitta aliongeza kwamba kwa lugha ya Rosalba hawezi kufungua darasa, kwa kuwa mtoto ni mmoja na mwalimu hayupo, na alisema hilo bila kulipamba. Lakini hakuona sheria inayomkataza mgeni kuketi.

Wiki iliyofuata Rosalba alikuja kama mgeni, kwa jina lake, pamoja na mama yake. Darlène alikuwa amekwenda kwao mara tatu kuomba radhi. Mara ya tatu Rosalba alimfungulia, akamwambia bado ana hasira kidogo, ila uji upo. Darasani Mama Rosalba aliwafundisha "kjimi", salamu ya kwao, na mapacha wakaisema vizuri kuliko wote kwa sababu waliahidiwa andazi. Rosalba akautandaza mshipi mezani na kusimulia tena habari za bibi yake. Safari hii mama yake alifasiri kwa Kiswidi, Darlène akatia kwa Kiswahili, na Mélissa akamsaidia alipokwama. Hakuna aliyepiga makofi. Walisogeza viti karibu naye.

Baadaye walikata maua ya karatasi ya rangi ya chungwa, kama yale ambayo kwao hutandazwa kuwaonyesha wafu njia, wakayabandika kwenye dirisha lote la juu. Mama Rosalba alisema vipepeo hukaa mlimani hadi Machi, kwa hiyo bibi hajachelewa.

Japhet aliinua mkono. Alisema asubuhi ile, kwenye treni, amemwona kipepeo wa rangi ya chungwa akipanda pale Fittja. Hakuwa na tiketi. Mkaguzi alipokuja, kipepeo alikaa kwenye kofia ya bibi mmoja akajifanya pambo, hadi Alby.

Mwalimu Veneranda alimgeukia taratibu. Japhet alianza kushuka kwenye kiti, akijua yajayo.

"Huyo kipepeo wako, Japhet, ni uongo mtupu," alisema Mwalimu, "na haujamnyang'anya mtu kitu. Kila aliye hapa anajua ni mzaha, na aliyefiwa amepewa zawadi. Ule uongo wa kwanza ulikuwa wa namna nyingine. Mlichukua lugha ya mtoto mkaiita yetu, mkachukua sahihi ya mama yake, mkachukua na sifa zake. Mkitaka kujua kama mnatania au mnaiba, tazameni usoni mwa mwenye mali."

Wote waligeuka wakamtazama Rosalba.

Alikuwa dirishani, mshipi mwekundu umezunguka kiuno chake, anachungulia kati ya maua ya karatasi kuelekea kituo cha treni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Darlène aliingiwa na hofu. Kisha Rosalba akageuka, nao wakaona kwamba anacheka.

"Bibi yangu," alisema, "hata akiwa hai alikuwa hakati tiketi."